Mizani ya korosho kusomwa na kivinjari: tuiruhusu?

Karani, Tandahimba
Ndugu zangu, habari za kazi. Ghala la chama chetu cha msingi limeletewa mizani ya kidijitali yenye kebo ya USB, na muuzaji anataka uzito usomwe moja kwa moja na ukurasa wa tovuti yake kwa njia ya WebUSB, yaani ukurasa kuwasiliana na kifaa cha USB kupitia kivinjari. Chrome inaleta kidirisha cha kuchagua kifaa, lakini Firefox haileti. Ni upungufu wa Firefox, au kuna hatari iliyoonekana? Kilo za mkulima ndizo fedha zake, hivyo sitaki kubonyeza nisichokielewa.

Fundi kompyuta, Mikindani
Si upungufu, ndugu karani, ni uamuzi. Chrome ilianza kutoa WebUSB mwaka 2017, lakini Mozilla, watengenezaji wa Firefox, waliipinga kwa hoja kwamba vifaa vingi vya USB havikuundwa kupokea amri za tovuti yoyote tu, na kwamba mtumiaji hawezi kuipima hatari hiyo kwa kidirisha kimoja. Mwaka 2018 watafiti Markus Vervier na Michele Orrù walionyesha jinsi ukurasa wa kitapeli ulivyoweza kupitia njia hiyo kukwepa kinga ya Yubikey Neo, ufunguo wa usalama (kifaa kidogo cha USB cha kuthibitisha anayeingia kwenye akaunti), na Google, wenye Chrome, ikabidi wazibe pengo hilo.

Chrome nayo ina masharti: ukurasa lazima uwe wa HTTPS (mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo), kifaa ukichague mwenyewe, na flashi, kibodi na kamera haviguswi kwa njia hiyo. Hatari inayobaki huja baada ya kuruhusu, kwa kuwa ruhusa huweza kukumbukwa, na ukurasa hausomi tu bali hutuma amri pia. Muulizeni muuzaji kama mizani inakubali kurekebishwa vipimo kupitia kebo. Ikiwa inakubali, yeyote atakayeidukua tovuti yake ataweza kuchezea kilo zenu wakati ukurasa umefunguliwa, hata akiwa nchi nyingine.

Mtunza ghala, Nachingwea
Naafiki, ila mkifikiria kutumia programu ya kusakinisha kwenye kompyuta badala ya ukurasa, si lazima iwe salama zaidi, maana mara nyingi hufikia mafaili yako yote, ilhali ukurasa hupewa kifaa ulichokichagua tu. Fungueni wasifu (profile) wa Chrome wa mizani peke yake, muondoe ruhusa kila jioni kwenye alama iliyo kando ya anwani, na namba ya kwenye kioo cha mizani isomwe kwa sauti mbele ya mkulima kabla stakabadhi haijaandikwa.

Karani, Tandahimba
Ahsanteni sana. Muuzaji anasema vipimo hurekebishwa kwa kitufe cha ndani tu, chini ya lakiri ya Wakala wa Vipimo. Nimemwomba alete maelezo hayo kwa maandishi kabla msimu haujafunguliwa.