Mjadala wa mwishoni mwa 2025: Je, Pittsburgh Pirates wamsajili tena Andrew McCutchen akiwa na miaka 39?

MTOA HOJA

Ndugu zangu wapenzi wa besiboli, msimu wa 2025 umekwisha, na mkataba wa mwaka mmoja wa mpigaji mkongwe Andrew McCutchen umekwisha pamoja nao. Tangu aliporejea Pittsburgh mwanzoni mwa 2023, Pirates, klabu yetu ya ligi kuu ya Marekani, wamempa mkataba wa aina hiyo hiyo kila mwaka, dola milioni 5, na mjadala wake haujawahi kuwa mzito. Safari hii ni mzito, kwa sababu tarehe 10 Oktoba ametimiza miaka 39. Msimamo wangu ni kwamba klabu imsajili tena kwa ajili ya 2026, lakini isimrudishe kwenye kazi aliyoifanya mwaka huu. Na naomba msomaji asilitenge sharti hilo na hoja yenyewe, kwa sababu bila sharti hilo mimi mwenyewe nisingeiunga mkono.

Nianze na yale yasiyobishaniwa. McCutchen alichaguliwa na Pirates mwaka 2005, akaingia ligi kuu tarehe 4 Juni 2009, akapata namba katikati ya uwanja wa nje, na mwaka 2013 akatangazwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Mwaka huo ndio klabu ilipotoka kwenye misimu 20 mfululizo ya kupoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Kijana aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1993 alikuwa amekuwa mtu mzima bila kuiona timu yake ikimaliza msimu mmoja wa heshima, na usiku wa tarehe 1 Oktoba 2013, uwanja wa PNC Park ulipojaa watu waliovaa nyeusi tupu na Cincinnati wakafungwa 6 kwa 2 katika mechi ya mtoano, watu wazima walilia hadharani. Juni 2025 alipiga homurani yake ya 241, yaani pigo linalovuka ukuta wa uwanja, akiwa na jezi ya Pirates, akampita Roberto Clemente, gwiji wa zamani wa klabu, mwenye 240, na sasa waliobaki juu yake katika historia ya klabu ni wawili tu, Ralph Kiner na Willie Stargell.

Sasa yale yanayouma. Mwaka huu amecheza mechi 135, wastani wake wa kupiga ukawa .239, yaani chini ya mapigo 24 mazuri katika kila majaribio 100, homurani 13. Kwa mtu ambaye karibu kila siku alipangwa kama mpigaji mteule, yaani anayepiga tu bila kulinda, hesabu hiyo haitoshi. Timu nzima ilipata mikimbio 583, ambayo ndiyo pointi za mchezo huu, michache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi kuu, na homurani 117, nazo chache kuliko za timu yoyote. Mrushaji wetu Paul Skenes ametunukiwa tuzo ya mrushaji bora akiwa ameruhusu wastani wa mikimbio 1.97 kwa mechi, na bado alimaliza msimu akiwa ameshinda mara 10 na kushindwa mara 10. Nani ataitazama hesabu hiyo aseme kwamba safu ya wapigaji ibaki ilivyo?

Mimi hukaa upande wa besi ya tatu, na kwa hiyo huyaona mapigo yake yakiondoka. Macho yake hayajazeeka. Mrushaji akitupa mpira unaotoka nje ya eneo kwa unene wa kidole, McCutchen huuacha, hageuzi hata bega, na mara nyingi huenda besi ya kwanza kwa mipira minne mibovu bila kuugusa hata mmoja. Kilichopungua ni zile hatua tatu za mwisho za mpira. Kushoto kuelekea katikati, ukuta wa PNC Park uko futi 410 kutoka besi ya nyumbani, karibu mita 125, na mpira ambao mwaka 2013 ungeangukia kwa watazamaji, sasa namwona mlinzi akirudi nyuma taratibu, mgongo wake ukikaribia ukuta, akiudaka bila kuruka.

Mtu wa namna hiyo bado ana kazi. Mwaka 2022 St. Louis walimrudisha Albert Pujols akiwa na miaka 42 kwa dola milioni 2.5; wakamtumia zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, ambao mpigaji wa mkono wa kulia kama yeye na McCutchen huwaweza zaidi, akacheza mechi 109, akapiga homurani 24. Hakubebeshwa timu. Alipewa kipande anachokiweza. Nataka McCutchen apewe mechi 70 au 80 za namna hiyo, na nafasi ya mpigaji mteule wa kila siku itafutiwe mtu mwenye nguvu, ikiwezekana wa mkono wa kushoto, ambaye ukuta wa kulia uko karibu naye zaidi. Wanaosema kwamba dola milioni 5 za mzee ndizo zinazozuia usajili wa mtu huyo wanaipunguzia klabu wajibu wake. Klabu ya ligi kuu inaweza kuyafanya yote mawili.

MCHANGIAJI WA PILI (ANAPINGA)

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini, na karibu kila ulichokitaja kama ushahidi wa upande wako nakiona kikikaa upande wangu.

Umemtaja Pujols. Nakuomba uitazame timu aliyoikuta. St. Louis ya 2022 ilikuwa na Paul Goldschmidt, mchezaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka ule, na Nolan Arenado, mpigaji mwingine hodari. Pujols alikuja juu ya timu iliyokwishakamilika. Alitangaza mapema pia kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumwambia aondoke. Pirates wa 2026 hawana Goldschmidt. Ukimweka mkongwe kwenye timu isiyo na wapigaji, hata ukimwandikia mechi 70, ifikapo Juni majeruhi wawili watatosha kumrudisha kwenye mechi 135. Sidhani kwamba meneja Don Kelly angemchezesha kila siku kwa mapenzi tu. Angemchezesha kwa sababu angegeuka kulitazama benchi na asione mwingine.

Ningetegemea umtaje Willie Stargell, kwa sababu ndiye anayetajwa kila swali hili linapofika Pittsburgh. Mwaka 1979, akiwa na miaka 39, umri ule ule atakaouanza nao McCutchen msimu ujao, Stargell alipiga homurani 32, akagawana tuzo ya mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, na akawa mchezaji bora wa fainali ambayo Pirates waliishinda. Ni habari ya kweli na nzuri. Lakini wanaoisimulia hukomea hapo. Mwaka 1980 homurani zilikuwa 11. Mwaka 1981 alicheza mechi 38 bila homurani hata moja. Mwaka 1982 zilikuwa 3, akastaafu. Klabu ilimpa misimu mitatu ya heshima, na sioni timu ilichokipata uwanjani katika miwili ya mwisho. Ken Griffey Jr. naye alirudi Seattle mwaka 2009, akapiga homurani 19, mji mzima ukafurahi. Wakamwongezea mwaka, na tarehe 2 Juni 2010 akastaafu katikati ya msimu akiwa hajapiga hata moja. Msimu wa kwanza wa kurudi mara nyingi huwa mtamu. Kosa huwa katika ule unaofuata, na kwa McCutchen huu ungekuwa wa nne.

Kuhusu fedha nakubaliana nawe kabisa: dola milioni 5 si tatizo. Tatizo ni namba, yaani nafasi katika kikosi. Timu ina wachezaji 26, na mpigaji asiyeweza kupangwa uwanja wa nje zaidi ya siku chache kwa mwaka anamfunga meneja mikono. Septemba 2023 kano ya kisigino chake ilichanika, na tangu hapo sitarajii mtu yeyote mwenye huruma kumwomba akimbize mipira kila siku. Kuna mlinzi wetu wa nje Bryan Reynolds pia, anayetimiza miaka 31 Januari, aliyepewa mwaka 2023 mkataba wa miaka minane wa dola milioni 106.75. Naye anahitaji siku za kupiga bila kulinda ili miguu yake idumu. Siku hizo atazipata wapi nafasi ikiwa na mwenyewe?

Reynolds huyo alikuja Pittsburgh Januari 2018, pamoja na Kyle Crick, katika biashara iliyompeleka McCutchen San Francisco. Tulilia siku ile, mimi nikiwa mmojawapo. Lakini uchungu ule ndio uliotuletea mlinzi wa nje tunayemtegemea leo. Wazee wetu walisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, na mwaka 2023 zizi lilimpokea kwa mikono miwili, nami nilisimama kumpigia makofi kama wengine. Amekaa misimu mitatu, amempita Clemente, na jina lake halitafutika. Naomba aagwe sasa, wakati makofi bado ni ya furaha na si ya kumsitiri.

MCHANGIAJI WA TATU

Naomba kuongeza jambo moja ambalo wakubwa zangu wamelipita. Mimi nimeifahamu klabu hii kwa sababu ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa barani kwetu kucheza ligi kuu. Aliingia uwanjani PNC Park tarehe 26 Aprili 2017 dhidi ya Chicago, na katika zamu yake ya kwanza ya kupiga akafika besi. McCutchen alikuwa katika kikosi kile. Leo klabu hiyo hiyo ina mrushaji kijana kutoka Uganda, David Matoma, katika timu zake za chini. Vijana wa namna hii hutoka mahali ambapo baba hakuwahi kushika gongo, na hakuna nyumbani wa kumwuliza mtu anaishije baada ya wiki mbili za kukosa kila mpira. Mkongwe aliyepanda juu kabisa, akauzwa, akazunguka San Francisco, New York, Philadelphia na Milwaukee, kisha akarudi, analijua jibu la swali hilo kwa mwili wake. Siwezi kulipima jambo hili kwa wastani wa kupiga, lakini siamini kwamba halina uzito. Stargell alikuwa akiwagawia wenzake nyota ndogo za kushona kwenye kofia kila walipofanya vizuri, na wachezaji wazima walizivaa kwa fahari.

Nauliza tu: je, kazi hiyo lazima ifanywe na mtu mwenye namba kati ya wale 26, au inaweza kufanywa na mtu aliyevaa koti la benchi la ufundi?

MTOA HOJA ANAJIBU

Dada yangu, swali lako la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na nitalijibu kwanza. Inaweza kufanywa na kocha, ila haifanani. Kocha humwambia kijana namna ya kuyapita mateso ambayo yeye mwenyewe ameshayaacha. Mchezaji humwonyesha akiwa ndani yake. Kijana anayemwona McCutchen akikosa mpira wa tatu na kutolewa, akirudi benchi, akiweka gongo mahali pake taratibu na kukaa kumtazama mrushaji bila kurusha kofia, amefundishwa jambo ambalo maneno hayalifikishi. Hata hivyo nakiri kwamba faida hiyo peke yake haitoshi kumpa mtu namba. Ningekuwa natetea hoja kwa hilo tu, ningeiondoa.

Ndugu yangu unayepinga, umenishinda katika mambo mawili, na sioni aibu kuyakubali. Habari ya Stargell wa 1981 ni ya kweli, na mimi ni mmoja wa wale wanaokomea 1979. La Reynolds pia ni kweli. Nilikuwa sijaipima nafasi ya mpigaji mteule kama mahali pa kupumzishia miguu ya wengine. Kwa hiyo napunguza ombi langu. Nilisema mechi 70 au 80. Sasa nasema aanze siku ambazo mrushaji wa upande wa pili ni wa mkono wa kushoto, na siku nyingine awe mpigaji wa akiba wa mwishoni mwa mechi, pale timu inapohitaji mtu mwenye jicho la kusubiri mpira wake. Zikifika mechi 50, zifike, zikipungua, zipungue.

Lakini hofu yako ya Juni siikubali kama sababu ya kumwacha. Unasema klabu haitasajili wapigaji wa kutosha, na kwa hiyo mkongwe atalazimishwa kubeba mzigo. Hilo ni kosa la klabu, na dawa yake ni kuidai klabu isajili wapigaji. Nakumbusha kwamba Aprili 2025 mashabiki wa Pittsburgh waliona alama ya heshima ya Clemente, ile namba 21 ya jezi yake, imefunikwa kwa tangazo la kinywaji kwenye ukuta wa kulia, na waliposema kwa sauti moja ikarudishwa. Sauti ya mashabiki inasikika ikidai kitu mahususi. Tudai wapigaji wawili wa kweli na mkongwe mmoja wa akiba, kwa pamoja, wala tusikubali kupewa mkongwe badala ya wapigaji.

Liko sharti la pili ambalo sikuliandika mwanzo. Kazi hiyo ndogo ielezwe kwa McCutchen mwenyewe, uso kwa uso, kabla timu haijaenda kwenye kambi ya mazoezi ya kabla ya msimu huko Bradenton, Florida, mwezi Februari. Aambiwe idadi ya siku, aambiwe kwamba jina lake halitakuwa katika orodha ya wanaoanza siku ya ufunguzi kama mrushaji ni wa mkono wa kulia, na aachiwe akubali au akatae akiwa na wakati wa kutafuta timu nyingine. Mtu aliyeifanyia klabu aliyoifanya asijue hali yake kwa kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Akikataa, nitaungana na ndugu yangu siku hiyo hiyo katika kumuaga.

Wenye jina la mpigaji mwingine wa mkono wa kulia, anayepatikana kwa bei hiyo na anayeweza pia kulinda uwanja wa nje kushoto, walilete hapa tulipime kwa hesabu zake.