Taa za karatasi na mbegu za kastania: gumzo la ukoo kuhusu chekechea ya Salma

Mama Salma: Assalaam alaykum. Shikamoo Mama, na wengine nyote hamjambo. Picha nilizotuma ni za chekechea ya Salma hapa Köln, Ujerumani. Majira haya ya majani kupukutika walimu huwatoa watoto nje karibu kila siku, hata mvua ikinyesha, wakiwa wamevaa suruali za mpira juu ya nguo zao, wakaokote majani na mbegu za kastania, kisha kazi yote ya darasani hutokana na vikapu walivyojaza wenyewe.

Bibi: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Nimemwona mjukuu wangu, ila sijaelewa yule mnyama mwenye miguu ya vijiti ni nini. Na hizo mbegu, je, zinaliwa?

Mama Salma: Haziliwi, Mama. Ipo kastania nyingine ya kuchoma ambayo huuzwa njiani, lakini hizi za bustanini zina sumu, na walimu wamewakataza watoto kabisa kuzitia mdomoni. Yule mnyama ni farasi. Mwalimu hutoboa mbegu kwa kekee ndogo ya mkono, mtoto akachomeka vijiti vya kuchokolea meno, na miguu ikipishana urefu farasi huyumba. Salma aliuchomoa mguu mmoja, akaulinganisha na mwingine, akauvunja ncha na kuurudisha, bila kuelekezwa na mtu. Mbegu nyingine zimewekwa dirishani ili watoto waone zinavyopoteza mng'ao na kusinyaa kadiri maji yanavyokauka ndani yake, na kila baada ya siku chache huzipima kwa mizani.

Shangazi: Wifi, nimefurahi mno, kwa maana hicho ndicho kiini cha elimu ya awali. Tulisoma chuoni kwamba Friedrich Fröbel alianza kazi yake huko Ujerumani, katika mji wa Bad Blankenburg, mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten. Aliwapa watoto mipira na vipande vya mbao wacheze navyo, akiamini kwamba mchezo ndiyo njia ya mtoto ya kuujua ulimwengu. Huniuma ninapoona watoto wa miaka minne wamekalishwa asubuhi nzima wakinakili irabu, ilhali nje ya dirisha kuna mkorosho unaozaa. Hapa Tanga huu ni msimu wa korosho, kwa hiyo Jumatatu nitaleta darasani mabibo, majani makavu na komwe za bao, watoto wayapange kwa rangi na ukubwa, wahesabu, na watuambie wao wenyewe wameona nini.

Baba Mdogo: Shemeji, hayo ya majani na mbegu nayaunga mkono. Ninaloomba kulielewa ni hayo maandamano ya watoto wenye taa za karatasi, ya tarehe 11 Novemba, kwa sababu nasikia ni siku ya mtakatifu wa kanisa, na mtoto wetu ni Mwislamu.

Mama Salma: Ni haki yako kuuliza, shemeji, na sisi tuliliuliza kwa mwalimu kabla ya kukubali lolote. Mtakatifu huyo ni Martin, aliyekuwa askari wa Dola ya Kirumi katika karne ya 4. Husimuliwa kwamba kwenye lango la mji wa Amiens, katika Ufaransa ya leo, alimkuta maskini asiye na nguo wakati wa baridi kali, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Baadaye akawa askofu wa Tours, na alizikwa tarehe 11 Novemba mwaka 397. Watoto wameigiza kisa hicho kwa kitambaa chekundu, na Salma akauliza kwa nini askari hakutoa joho lote. Mwalimu hakulijibu swali hilo, bali aliwaachia watoto walijadili. Zipo chekechea zinazoiita siku hiyo sikukuu ya taa tu. Yetu hutanguliza sala kanisani kwa wanaotaka, na sisi tutajiunga baada yake, wakati wa matembezi.

Bibi: Mwambieni Salma kwamba huyo askari naye alikuwa na baridi. Kumvika asiye na nguo ni sadaka, na sioni ubaya mtoto kulijua hilo, mradi mumweleze wazi lipi ni la dini yetu na lipi ni la majirani zenu.

Baba Mdogo: Kama hamwingii katika sala, sina pingamizi, na ninashukuru kwamba mmeuliza mapema.

Shangazi: Wifi, hiyo taa imetengenezwaje? Ningependa kuijaribu na watoto wangu.

Mama Salma: Ni boksi la duara la jibini, ukanda wa karatasi ngumu uliotobolewa madirisha, na karatasi nyembamba za rangi zinazopitisha mwanga zilizogandishwa kwa ndani. Hutundikwa kwa waya kwenye fimbo, na badala ya mshumaa watoto hutumia taa ndogo ya betri. Tutatoka saa kumi na moja jioni, kwa kuwa Novemba jua huwa limeshazama wakati huo. Mama, tutakupigia simu ya video tukiwa njiani, basi naomba simu yako iwe na chaji.