Mrejesho: vitabu vya picha kwa watoto wakubwa

Wakuu, niliwauliza kama kitabu cha picha kinafaa kuwafundishia vijana wa miaka 13 habari za watumwa waliotoroka. Kinafaa, tena sana.

Nilichukua kisa cha Henry Brown, mtumwa wa Richmond, Virginia, Marekani, aliyejifungisha ndani ya sanduku mwaka 1849 akasafirishwa kama mzigo hadi Philadelphia, mji usiokuwa na utumwa, safari ya saa 27. Mwanzo wanafunzi walinuna: "Mwalimu, si vya chekechea hivi?" Nikafuata ushauri wenu, nikafunika maandishi. Picha ya mkewe na watoto wakipelekwa baada ya kuuzwa ndiyo iliyowafungua midomo. Maswali hayakukatika.

Kuigiza utumwa sikutaka (mliolipendekeza hilo, mnisamehe). Tulichora sanduku sakafuni kwa chaki: urefu sentimita 91, upana 61. Kimo chake 81, tukakiweka alama ukutani. Mmoja akapima kwa macho, akauliza, "Na miguu aliiweka wapi?"

Kitu kimoja kitabu kilikiruka: Samuel Smith, Mzungu aliyemsaidia, baadaye alifungwa kwa kujaribu kuwatorosha wengine vivyo hivyo. Hilo niliwasimulia mwenyewe. Sasa wanataka kisa cha Harriet Tubman, mtumwa aliyetoroka kisha akarudi kuwatorosha wengine.