Mdogo wangu katoka wodini: Vikuruti, chuo cha VETA au fundi wa Keko?

Kaka wa Mbagala
Wakuu, naomba ushauri. Mdogo wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili. Ametulia, anachoma sindano kila mwezi na kliniki hakosi. Anataka kazi, kushinda ndani kunamnyong'onyeza. Nimebaki na njia tatu: kijiji cha Vikuruti cha wagonjwa wa akili kule Chamazi, chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, au fundi fanicha Keko. Nani anazijua?

Nesi Mstaafu
Vikuruti iko chini ya hospitali ya Muhimbili, kwa hiyo anza na daktari wake. Kule kazi kubwa ni kilimo, mtu arudishe mazoea ya kuamka, kushika jembe na kukaa na wenzake. Kwa aliyetoka wodini bado mzito, pazuri mno. Ila wako ameshapita hapo, anataka hela yake mfukoni.

Mama Kijichi
Cheti cha VETA kina faida. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awape asilimia 3 ya nafasi. Lakini uliza kwanza: akiugua katikati ya muhula inakuwaje? Binti yangu alirudi wodini akiwa chuo fulani cha ufundi, alipopona wakamwambia asubiri mwaka unaofuata. Hakurudi tena.

Fundi Magurumbasi
Mikono yake ikoje? Nilikuwa na kijana wa sindano hizo hizo, vidole vilimtetemeka mpaka misumari inamwanguka. Huyo ukimweka kwenye randa ya umeme unamtafutia kilema. Nikampa msasa na vanishi, leo kwa vanishi hapa kijiweni hakuna wa kumgusa. Asubuhi dawa zilikuwa zinamlaza, tukakubaliana aanze saa nne. Lakini si mafundi wote wana subira, wengine watambebesha mbao mwaka mzima kwa hela ya chai.

Nesi Mstaafu
Fundi, Mungu akuzidishie. Mitetemo ina dawa yake, daktari aambiwe; msimkatishe sindano kienyeji. Halafu kuna kitu cha kuiga. Fountain House ya New York, klabu ya wenye maradhi ya akili iliyoanza 1948, hutafuta nafasi za kazi kwa waajiri na kuzishika yenyewe: mwanachama akiamka vibaya, mwingine au mtumishi wa pale anakwenda kushika zamu. Mwajiri hapotezi siku, mgonjwa hapotezi kazi. Kaka, tafuta kijana mwingine wa kliniki hiyo hiyo, wawili washike nafasi moja. Wakishaiva, waulizie halmashauri mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ya mapato yake ya ndani imetengwa kwa wenye ulemavu.

Kaka wa Mbagala
Kumbe! Chai humwagika mkononi mwake nikadhani ni uzembe. Fundi, naweza kumleta?

Fundi Magurumbasi
Jumamosi, saa nne. Ugonjwa wake anieleze mwenyewe akitaka, wewe usimsemee.