Kupanga wagonjwa wa nje kwa uharaka: ujuzi gani huwapungukia wauguzi?

Swali: Wakuu, naanza zamu dawati la kupanga wagonjwa wa nje. Presha na joto najua kupima. Nikazanie nini?

Jibu 1: Pumzi. Wengi huandika 18 au 20 kwa kukisia tu. Hesabu sekunde 60 kamili huku umeshika kifundo cha mkono kama unapima mapigo, maana akijua unahesabu pumzi, atabadili upumuaji. Mtu mzima akifika 25 kwa dakika, usimrudishe kwenye benchi.

Jibu 2: Macho kwanza, mashine baadaye. Asiyemaliza sentensi kwa pumzi moja, aliyechanganyikiwa au anayetoka jasho la baridi apelekwe ndani, kadi itamfuata. Kwa mtoto, bonyeza ukucha wa kidole gumba sekunde 3, achia. Wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haizunguki vizuri.

Jibu 3: Maumivu ya kifua: ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ndani ya dakika 10. Ila mwenye kisukari anaweza kuwa na shambulio la moyo bila maumivu, akalalamikia kichefuchefu au uchovu tu. Na foleni ikirefuka, pita tena benchini. Wa kijani (anayeweza kusubiri) hugeuka mwekundu (wa dharura) kimyakimya.

Jibu 4: Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma asilimia 85 kwa mtu aliyetulia, angalia kama kucha zimepakwa rangi na kama vidole ni vya baridi, ujaribu kidole kingine. Ikibaki hivyo, iamini.