Naombeni ushauri: mpango wa usimamizi wa data, mfadhili anautaka Ijumaa

Mchotamaji: Wakuu, habari za humu. Nina mradi wa kupima ubora wa maji ya visima. Mfadhili ameshakubali andiko, ila sasa anadai mpango wa usimamizi wa data, kurasa 2, mwisho Ijumaa. Sijawahi kuandika kitu hicho na usingizi sipati. Mwenye nakala yake anirushie, nibadilishe majina tu.

Mzee wa Takwimu: Hiyo ya kubadilisha majina ndiyo inayowaponza vijana. Mpango unajibu maswali ya kawaida kabisa: unakusanya nini, unahifadhi wapi, nani ataziona, nani anagharamia, mradi ukiisha zitakaa wapi. Weka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iwe mbali na ofisi. Mafaili yawe CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, programu yoyote inayafungua), na tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Excel huitunza 3 Aprili 2023 kama 45019, yaani hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900, na faili likitumia ule mfumo wa zamani wa Mac unaoanzia 1904, ukizihamisha namba hizo bila kuangalia, tarehe zinateleza siku 1,462. Niliwahi kurithi faili la mvua la namna hiyo. Nikamlaani aliyelitengeneza wiki nzima, kumbe ni bosi wangu.

Dada Sampuli: Mzee kasahau vipimo. Mtu anakuandikia "nitrati 40". Arobaini ya nini? Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita ukihesabu nitrati yenyewe, lakini ni 11 ukihesabu nitrojeni iliyomo tu. Maji yaleyale yanakuwa salama au hatari kwa sababu ya kichwa cha safu. Niliwahi kugombana na maabara kwa hili hadi tukanuniana. Andika kipimo, kifaa na nani alipima.

Mpita Njia: Mfadhili anataka Ijumaa, mtu anaomba nakala. Nimekaa pale.

Mzee wa Takwimu: Mchotamaji, swali la nani ataziona umelipita kimyakimya. Kuna watu ndani ya data hizo?

Mchotamaji: Hapana mkuu, ni visima tu.

Dada Sampuli: Visima havina wenyewe?

Mchotamaji: Sawa. Awamu ya kwanza tulishakusanya. Visima vingi viko majumbani mwa watu, na tuliwahoji kuhusu watoto kuharisha. Fomu ya ridhaa inasema majibu yataonwa na timu yetu pekee. Kwenye andiko la fedha tumeahidi data zote zitakuwa wazi. Lakini njia nimeshaipata: naandika "zitapatikana kwa kumwomba mtafiti mkuu". Wengi wanaandika hivyohivyo. Na majina nitafuta.

Mzee wa Takwimu: Kufuta jina ukaacha alama za GPS zenye desimali 6 ni kumpeleka mgeni hadi mlangoni. Ukibakiza desimali 2 umetia ukungu wa kama kilomita 1, na bado haitoshi kama eneo zima lina kisima kimoja. Tenganisha: vipimo vya maji kivyake, mahojiano kivyake. Mahojiano yafungwe, maelezo yanayoyahusu yabaki wazi. Zenodo, ile hifadhi ya data za utafiti mtandaoni, inaruhusu hilo. Kanuni za FAIR za 2016, za data kupatikana na kutumika tena, hazijasema kila kitu kianikwe, zinataka masharti ya kuzifikia yajulikane. Na hiyo ya kumwomba mtafiti mkuu, akihama kazi ataombwa nani? Iandikie kamati ya maadili leo.

Mchotamaji: Kamati itachukua muda, nami nina Ijumaa. Na kamati hiyohiyo ndiyo iliyopitisha ile fomu.

Dada Sampuli: Waliokupa majibu walisaini fomu, hawakusaini andiko lako la fedha.

Mchokonozi: Chai hii. Mfadhili gani anakubali andiko kabla hajaona mpango? Halafu juzi alikuja mwingine na kisa hikihiki, ila vyura badala ya visima. Mnamfanyia mtu kazi ya darasani.

Mpita Njia: Kumbe tunamsomea! Cheti kikitoka tunagawana vipi?

Mzee wa Takwimu: Wapo wanaoudai baadaye. NSF, mfuko wa sayansi wa Marekani, tangu 2011 huutaka pamoja na andiko, lakini Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, kwa kawaida huusubiri hadi mwezi wa 6 wa mradi. Ila Mchokonozi, hao vyura hata mimi niliwaona.

Mchotamaji: Yaani mtu ana shida zake mnamwita mwongo? Haya, faili lenyewe hilo hapo, wala sijalipunguza kitu. [picha]

Mchokonozi: Namba za sampuli hizo mtu yeyote anabuni.

Dada Sampuli: Futa hiyo picha! Safu ya nne ni jina la mwenye kisima, inayofuata ni watoto walioharisha, na GPS iko pembeni!

Mchotamaji: Ni mistari michache tu. Nani atawajua humu?

Mpita Njia: Mkuu, mstari wa kwanza nimeuingiza kwenye ramani ya setilaiti. Nyumba ina paa jekundu, kisima kiko nyuma, kushoto.

Msimamizi: Picha imeondolewa. Waliomnukuu nao wahariri majibu yao, zimebaki nakala mbili ukurasa huu. Mpita Njia, na paa lifute.