Mjadala: Mwanafunzi wa programu na laptopu ya bei mbaya, kuna ulazima gani?

Wadau, naomba hili tulijadili kwa uwazi. Kila masomo yanapoanza swali ni lile lile: kijana anaingia kusomea programu, nyumbani wamejikusanya, naye anauliza ajikaze achukue laptopu ya bei mbaya atakayokaa nayo mpaka ahitimu, au achukue ya bei nafuu aanze nayo kazi. Kuna wanaomwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo asihangaike na vya bei ya chini. Wengine wanamwambia msimbo ni maandishi tu, mashine yoyote inayowaka inamtosha.

Mimi niko upande wa bei nafuu. Ila siyo nafuu ile inayopigiwa debe ikiwa ndani ya boksi jipya, na hapa ndipo naona pande zote mbili zinampoteza kijana.

Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, inang'aa. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, 4GB; hifadhi 64GB ya eMMC, aina ya bei rahisi. Haikupita muda Windows ikataka kujisasisha, nafasi haipo. Nikafuta picha, nikafuta video za masomo, bado. Nikifungua kivinjari pamoja na VS Code, kihariri cha kuandikia msimbo, mshale unaganda katikati ya skrini, nasubiri. Nikaipeleka kwa fundi. Akafungua mfuniko wa chini, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: RAM ile pale, hifadhi ile pale, zote zimechomelewa kwenye bodi. Hakuna cha kuchomoa wala pa kuchomeka. Akaniambia, "Mdogo wangu, hii ukitaka kuiongezea nguvu, nunua nyingine." Nilirudi nayo nyumbani nikiwa mnyonge kweli, maana ile pesa haikuwa yangu peke yangu.

Iliyofuata ilikuwa ThinkPad T480, toleo la 2018, iliyokwisha kutumika ofisini. Ni nzito kidogo na rangi imechubuka pembeni. Lakini ndani ina nafasi mbili za RAM, hifadhi yake ya SSD inabadilishwa, na moja ya betri zake mbili unaichomoa kwa nje bila hata bisibisi. Ilikuja na 8GB. Baadaye nikanunua kipande kingine cha 8GB, nikakiingiza kwa mshazari na kukibonyeza mpaka vibanio vya pembeni vikalia "ta". Nikaiwasha, ikasoma 16GB. Kazi iliyokuwa inanikatisha tamaa ikawa inakwenda.

Tuangalie basi kinachokula mashine ya mwanafunzi. Python, C au JavaScript za mazoezi hazili chochote cha maana. Kinachokula ni vitu vinavyofunguliwa kwa pamoja: kivinjari chenye tabo ishirini, kihariri, hifadhidata, na Docker ya kuendeshea programu zikiwa zimetengwa. Anayejifunza programu za Android ndiye anaumia zaidi, maana Google wenyewe wanataka angalau 8GB kwa Android Studio, chombo chao cha kuziandikia, peke yake, na 16GB ukitumia na emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye RAM na SSD. Wembamba, rangi na skrini ya kugusa havikusaidii programu ikigoma usiku kazi inatakiwa asubuhi.

Wanaotetea bei mbaya wana hoja mbili ambazo siwezi kuzipuuza. Ya kwanza ni betri. Tangu Apple walipotoa chipu ya M1 Novemba 2020, MacBook Air haina hata feni, na unaweza kushinda nayo bila kutafuta soketi. Anayesoma mahali ambapo umeme wa uhakika hakuna, hiyo ni nusu ya masomo yake, na T480 yangu haifui dafu hapo. Ya pili ni iPhone: Xcode, chombo cha Apple cha kutengenezea programu za iPhone, haifunguki popote ila kwenye Mac. Kama kozi yako ni ya iOS, mfumo wa iPhone, huna la kujadili, nunua Mac.

Lakini angalia wanavyonunua. Mpaka Oktoba 2024 MacBook Air ya kuanzia ilikuwa inakuja na 8GB, na RAM ya Mac hizo haiongezwi, hifadhi nayo vivyo hivyo. Wapo waliotoa akiba yote wakachukua ile ya chini kabisa kwa sababu ndiyo waliyoimudu. Wamelipa bei ya juu, na siku kazi zikikua hawana njia isipokuwa kununua upya. Fundi angewaambia maneno yale yale aliyoniambia mimi.

Wapo pia wanaosema akili mnemba inadai mashine ya bei mbaya; hiyo nitaipitia haraka. Kweli, kadi ya NVIDIA inasaidia sana kufundisha modeli, na Google Colab, huduma ya mtandaoni, inatoa GPU (kadi za aina hiyo) bure kwa kiwango cha kumtosha anayeanza. Ila inahitaji intaneti, kwa hiyo simwambii kila mtu aitegemee.

Na kwa anayeamini kwamba mashine duni inazaa mtaalamu duni: Linus Torvalds alianza mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, kwenye kompyuta yenye prosesa ya 386, wakati 486 iliyo mpya zaidi ilikuwa imeshatoka tangu 1989.

Mtumba nao una mitego, na ninaomba wanaoupendekeza waache kuificha. Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel karibu zote za chini ya kizazi cha nane zimeachwa nje, kwa hiyo za kizazi cha sita na saba zinauzwa kwa bei ya kutupa. Anayeiweza Linux azichukue bila wasiwasi, asiyeiweza aziache. Kabla ya kulipa, ingia kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uone kama haina nywila ya kampuni iliyoitumia. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, kimoja kimoja, hata muuzaji akikuna kichwa.

Jambo linalonigusa zaidi ni pesa inayobaki. Aliyeweka kila kitu kwenye mashine moja anaogopa kuibeba, na siku maji yakiimwagikia au ikiibwa, masomo yanasimama. Aliyebakiza kidogo ana diski ya nje ya kuhifadhia kazi zake, ana pesa ya betri mpya, ana ya intaneti. Nimewaona wenye mashine nzuri kuliko yangu wakikosa vyote hivyo vitatu.

Basi anayetetea bei mbaya anijibu hili moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajajua bado kama atafanya wavuti, simu au data. Unamchagulia kwa msingi gani mashine isiyoongezeka?